Kabla ya Kununua Tyubu Nyingine, Soma Tundu

Baiskeli yangu ya resi niliinunua mtumba Moshi kwa shilingi laki nne na nusu: fremu ya alumini, gia mbili mbele na tisa nyuma, breki za kubana ringi. Muuzaji aliniambia ukweli kuhusu mnyororo, kwamba umechoka, ila kuhusu magurudumu hakusema neno. Nilikuwa natoka kwenye Phoenix, baiskeli ambayo pancha zake zilikuwa za kuhesabika kwa mwaka, na fundi yeyote aliyekaa chini ya mti na beseni lake la maji alizimaliza kwa bei ya soda. Sikuona sababu ya hii nyingine kuwa tofauti.

Miezi michache baadaye, fedha nilizokuwa nimezimwaga kwenye tyubu zingetosha kununua matairi mawili mapya ya maana. Sasa naona baiskeli za resi za mtumba zinazidi kuingia Arusha na Moshi, na kila mwenye kuanza ananiuliza swali lilelile: mbona kila nikitoka napata pancha? Ninavyoona mimi, tyubu yenyewe mara chache huwa na kosa. Kuna kitu kinaiua, na usipokitafuta, utaendelea kukilisha tyubu mpya.

Taabu ya kwanza ilianzia kwenye kununua. Nilienda kwa muuza vipuri sokoni, akaniuliza, "Dada, ishirini na nane au ishirini na sita?" Kwa biashara yake hilo ndilo swali linalotosha, kwa kuwa wateja wake wengi wana Phoenix za inchi 28 au zile za milimani za inchi 26. Nikaangalia gurudumu langu, nikaona urefu wake unakaribiana na wa Phoenix, nikajibu ishirini na nane. Nilipofika nyumbani tyubu ikakataa. Ilikuwa pana, ikajikunja ndani ya tairi, na valvu yake nene haikupita kwenye tundu la ringi hata kwa kulazimisha. Sh. 6,000 zikaenda, na muuzaji hakurudisha kwa kuwa nilikuwa nimeshaifungua.

Majibu yote yalikuwa yameandikwa ubavuni mwa tairi. Langu lilikuwa na 700x23C, na pembeni kwa herufi ndogo zaidi, 23-622. Hizo namba ndogo ndizo za kushika. 23 ni upana wa tairi kwa milimita. 622 ni kipenyo, kwa milimita pia, cha mahali ukingo wa tairi unapokaa kwenye ringi. Namba ya 700 ni jina la zamani lililotokana na kipenyo cha nje cha gurudumu, na ukipima leo huipati kamili. Phoenix ya 28 ya kwetu, yenye tairi la 28 x 1½, ina 635. Tofauti ya milimita 13 haionekani kwa jicho, lakini tairi la moja halikai kwenye ringi ya nyingine. Baiskeli ya milimani ya 26 ni 559, ya 27.5 ni 584, na zile kubwa za 29 ni 622, sawasawa na ya resi. Kwa hiyo ukiambiwa "chukua ya 29, inaingia," muuzaji hadanganyi kuhusu kipenyo, ila tyubu ile imetengenezwa kwa tairi la milimita hamsini na zaidi. Ukiisokota ndani ya tairi la 23 au 25 itapata mikunjo, na kila mkunjo ni mahali ambapo mpira utajisugua mpaka upasuke.

Boksi la tyubu ya resi huandikwa upeo wake, mathalani 700x18-25 au 700x25-32. Tairi lako liwe ndani ya upeo huo. Kama linaangukia mpakani, mimi huchukua tyubu iliyo finyu kidogo kuliko iliyo pana, maana finyu hutanuka ikajaza nafasi, wakati pana haina pa kwenda ila kujikunja. Lakini usizidishe: tyubu ya 18-25 ndani ya tairi la 32 hunyooka mpaka inakuwa nyembamba, na hapo hata mwiba mdogo unaimaliza.

Halafu valvu. Ringi nyingi za resi zimetobolewa kwa valvu nyembamba ya Presta, yenye unene wa milimita 6. Valvu ya Schrader, ile inayofanana na ya gari na pikipiki, ni milimita 8, na ya Phoenix nayo ni nene vilevile. Fundi mmoja kijana alinipa suluhisho la haraka: "Dada, tunapanua tundu na drili kidogo tu, tunaweka valvu ya kawaida, unasahau kabisa hii habari." Bei yake ilikuwa nzuri na nilikuwa nimechoka, nusura nikubali. Kilichonizuia ni wembamba wa ringi. Ndani yake haina hata sentimita mbili, na ukipanua tundu pale unakula chuma kilichobaki pande zote mbili. Isitoshe, hakuna kurudi nyuma. Siku ukipata tyubu ya Presta na kuiweka kwenye tundu kubwa, mpira unasukumwa na upepo kutokea pembeni mwa valvu na kukatika kwenye shina. Kama baiskeli yako imekuja tayari ina tundu kubwa na unataka Presta, tafuta pete ndogo ya plastiki au mpira ya kuziba hiyo nafasi.

Urefu wa valvu nao unapimwa. Ringi fupi ya kawaida inatosheka na milimita 40 hivi. Ringi ndefu zile zenye ubavu mpana zinahitaji 60 au 80, la sivyo valvu inabaki imezama na pampu haina pa kushika. Usinunue ndefu kwa ringi fupi kwa kudhani ni bora zaidi, kwani inachezacheza, na ukipampu kwa pupa unaipinda.

Presta ina tabia zake. Kwanza unalegeza kinati cha juu, unakibonyeza mara moja upepo utoe "pss" kidogo ili kifungue, ndipo unapampu. Ukimaliza unakaza kwa vidole. Ile nati ya chini inayogusa ringi si lazima, na ukiiweka, ikaze kwa vidole tu. Nimeona watu wanaikaza kwa koleo kisha wanashangaa tyubu imechanika kwenye shina. Nunua pia adapta ndogo ya shaba inayogeuza Presta kuwa kama valvu ya gari. Mimi ninazo mbili, moja imefungwa kwenye ufunguo wa nyumba, kwa sababu Presta haikusaidii kitu ukiwa Kikatiti na pampu pekee iliyopo ni ya bodaboda.

Baada ya kupata tyubu sahihi nilidhani yamekwisha. Pancha zikaendelea, zote gurudumu la nyuma, na nyingi bila sababu ninayoiona. Nilikuwa naweza kuondoka Tengeru asubuhi tairi likiwa gumu, nikifika Sakina nimekaa kwenye ringi. Mara nyingine lilikuwa linaisha upepo likiwa limeegeshwa ndani, usiku, bila mtu kuligusa. Hilo ndilo lililoniumiza kichwa zaidi, kwa sababu barabarani unaweza kulaumu mwiba, lakini sebuleni kuna mwiba gani? Jioni moja nilikwama kati ya Maji ya Chai na Kikatiti giza likiingia, tyubu ya akiba nimeshaitumia. Nilimpa bodaboda sh. 10,000 anirudishe, nimeikumbatia baiskeli mapajani, malori yanatupita sentimita chache kutoka kwenye usukani. Mwanamke peke yake barabarani saa ile huwa anafikiria mengi kuliko pancha. Nilipofika nyumbani niliisogeza ile baiskeli ukutani na sikuigusa kwa wiki kadhaa.

Aliyenitoa hapo ni fundi mmoja mzee, ambaye kijiwe chake kipo karibu na soko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Pancha? Tundu liko wapi?"

"Liko kwenye tyubu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Najua liko kwenye tyubu. Upande gani?"

Sikuwa najua, na mafundi wote walionizibia kabla yake hawakuwahi kuuliza. Walikuwa wanachomoa tyubu, wanaitia kwenye beseni, wanaziba, wanarudisha. Yeye alianza tofauti. Kabla ya kubandua chochote alichukua chaki akatia alama kwenye tairi mahali valvu ilipo, na alama nyingine kuonyesha upande wa mnyororo. Ndipo akatoa tyubu, akaijaza upepo mpaka ikanenepa, akaipitisha karibu na shavu lake asikie upepo, na penye mashaka akatumia maji. Alipolipata tundu hakuligusa. Aliilaza tyubu juu ya tairi kama ilivyokuwa imekaa ndani, valvu kwenye alama ya chaki, akasoma tundu linaangukia wapi.

Lilikuwa upande wa ndani, unaoelekea kwenye ringi, si kwenye barabara. Akaomba zile tyubu zangu za zamani, ambazo kwa bahati nilikuwa sijazitupa. Karibu zote zilikuwa na tundu upande huohuo, nyingine zina duara hafifu lililokandamizwa kuzunguka tundu. "Binti, hapa hakuna mwiba. Inauawa na ringi."

Ringi ya resi nyingi ina kuta mbili. Vichwa vya spoki vinakaa kwenye ukuta wa chini, na ukuta wa juu, ule unaogusana na tyubu, una matundu makubwa ya kupitishia spoki. Yangu ina matundu 32. Matundu hayo hufunikwa na utepe. Aliyekuwa na baiskeli kabla yangu alikuwa ameondoa utepe wa asili na kuweka ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Kwenye Phoenix ukanda wa namna hiyo unafaa kabisa, kwa sababu upepo wake ni karibu nusu tu ya ule wa resi. Kwenye resi, ukijaza PSI 90 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo), mpira unazama ndani ya kila tundu la spoki, tyubu inaufuata, na kingo za alumini zinaikata polepole. Ndiyo maana ilikuwa inakufa hata ikiwa imeegeshwa.

Kwa siku zile alizungusha plasta ya hospitali ya kitambaa, ile isiyovutika, tabaka mbili, na ikashika mpaka nilipopata utepe wenyewe wa kitambaa wenye gundi. Ukinunua utepe, pima upana wa ndani wa ringi. Utepe ufunike matundu yote kwa uhakika lakini usipande kwenye kingo ambapo tairi linakaa, maana hapo tairi litakataa kukaa sawa. Baada ya kuubandika, pitisha kidole gumba juu ya kila tundu ukibonyeza. Ukisikia unabonyea sana, rudia. Gharama yake yote ilikuwa chini ya bei ya tyubu moja.

Tangu siku hiyo sizibi tundu kabla sijalisoma, na aina za matundu zenyewe si nyingi.

Tundu moja dogo upande wa nje, unaoelekea barabarani, ni kitu kimechoma tairi. Kabla ya kuweka tyubu nyingine lazima ukitafute, na ile alama ya chaki ndiyo inayokuambia mahali pa kutafuta (angalia pande zote mbili kutoka kwenye valvu, maana tyubu inaweza kuwa imegeuka mkononi mwako). Siku hizi sihitaji chaki: navalisha tairi maandishi ya chapa yakae sawa na valvu, basi alama iko pale daima. Kisongo na Meserani, kuelekea Makuyuni, ni miiba ya migunga, na hiyo huonekana, wakati mwingine imevunjikia ndani na ncha tu imebaki. Balaa lenyewe liko barabara ya Moshi, na ni waya. Matairi ya malori yana waya za chuma ndani yake. Yakipasuka na kuachwa pembeni mwa lami, waya hizo hutawanyika, nyembamba kama unywele, fupi kuliko punje ya mchele. Unatoboka, unaangalia tairi huoni kitu, unaweka tyubu mpya, baada ya kilomita tano unatoboka tena mahali palepale. Chukua pamba au kipande cha soksi kuukuu, kipitishe ndani ya tairi polepole, mbele na nyuma. Kitakaponasa ndipo waya ulipo. Usitumie kidole, nimewaona waliotoka damu. Kuutoa unahitaji kibano cha nyusi au mkasi wa kucha, na mara nyingi unalazimika kukunja tairi ndipo uchomoze kichwa. Mimi hubeba kibano. Hakuna kifaa kidogo kilichoniokoa mara nyingi zaidi ya hicho.

Matundu mawili yaliyokaa sambamba, yaliyoachana kama sentimita moja, ni tyubu imebanwa kati ya ringi na kitu kigumu. Hapa kwetu kitu hicho ni tuta, rasta za Usa River (vile vituta vidogo vilivyopangana), au ukingo wa lami unaporudi barabarani baada ya kulikwepa basi. Sababu kuu ni upepo mdogo. Usitafute mwiba, hutaupata. Ongeza upepo, na jifunze kunyanyua makalio kwenye tandiko unapovuka tuta ili magoti yabebe mshtuko.

Tundu au mpasuko kwenye shina la valvu hauzibiki kwa namna ya kuaminika. Hiyo tyubu ni ya kukata ukafungie mizigo. Chanzo huwa tundu la ringi lenye makali (pitisha msasa), au kupampu huku unayumbisha valvu, au tairi linalotembea juu ya ringi kwa sababu ya upepo mdogo, likiivuta tyubu nayo. Ukiona valvu imeinama badala ya kusimama wima, ndiyo dalili.

Mpasuko mrefu, wenye mlio wa bunduki, maana yake tyubu ilitoka nje ya tairi. Ama ilibanwa chini ya ukingo wa tairi wakati wa kuvalisha, ama tairi lenyewe limekwisha. Kwa hilo la kwanza dawa ipo. Ipe tyubu upepo kidogo kabla ya kuiingiza ili ishike umbo, anza kuvalisha upande ulio mkabala na valvu, malizia penye valvu, kisha isukume valvu juu kidogo na kuiachia. Zunguka gurudumu lote ukibonyeza tairi pembeni na kuchungulia kama kuna mpira unaoonekana. Na kamwe usimalizie kwa bisibisi au mpini wa kijiko, kwani kile unachokiokoa kwenye dakika unakilipa kwenye tyubu. Vijiti vya plastiki vya kubandulia vinauzwa, na bado hata hivyo ni vizuri kumalizia kwa viganja.

Kuna pia tyubu inayopoteza upepo bila tundu. Kabla ya kuilaani, tia mate kwenye ncha ya valvu uone kama yanatoa povu. Baadhi ya Presta zina kiini kinachofunguka, chenye bapa mbili ndogo za kushikia kwa koleo. Kikilegea, upepo unatoka taratibu usiku kucha. Kinakazwa kwa robo mzunguko, basi.

Tairi lenyewe lilinifundisha kwa njia mbaya zaidi. Lile la mbele lilikuwa na nyufa ndogondogo ubavuni, za jua na uzee, nami niliona kashata (meno ya tairi) bado ipo, nikaliacha. Nikaanza kusikia mdundo: dup, dup, dup, unaoongezeka kasi kadiri ninavyokimbia. Mdundo unaokuja mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu una maana tatu tu ninazozijua. Pengine tairi halijakaa sawa kwenye ringi, na hapo ule mstari mwembamba karibu na ringi utaonekana unazama mahali fulani. Toa upepo, likande, jaza upya. Pengine ringi imepinda, utaiona inayumba kati ya breki. Au nyuzi za ndani ya tairi zimekatika na tairi limeota nundu. La kwangu lilikuwa hilo la tatu. Lilipasuka nikiteremka kutoka Oldonyo Sambu kuelekea Longido. Namshukuru Mungu barabara ilikuwa tupu na nilikuwa nimenyooka. Gurudumu la mbele likikosa upepo kwenye kona huna usukani tena. Nilibaki na michubuko ya kiwiko na mikono iliyotetemeka mpaka usiku.

Tairi lenye nundu halina matengenezo. Lenye mkato mdogo unaweza kulitia kiraka cha ndani likufikishe nyumbani: kipande cha ubavu wa tairi kuukuu, au kipande cha tyubu ya dawa ya meno, kikae kati ya tyubu na mkato. Kukufikisha nyumbani, nasema, si kukupeleka Longido Jumamosi ijayo. Na ukinunua tairi moja jipya, liweke mbele. Lile la mbele lihamie nyuma. Nyuma ndiko kunakobeba uzito na kunakoisha haraka, ila mbele ndiko kunakokuangusha.

Upepo kiasi gani? Mafundi wetu hupima kwa kidole gumba, na kwa Phoenix kidole kinatosha. Kwa resi hakitoshi, kwa sababu PSI 60 na PSI 100 zote kidole kinaziona ngumu. Pampu ya kusimama yenye geji ndiyo matumizi yangu bora baada ya kofia ngumu. Nina kilo 64 na sasa natumia tairi la 25. Nyuma naweka kama 85, mbele 80. Mzito zaidi aongeze kidogo, mwenye tairi la milimita 28 apunguze. Kile kiwango kilichoandikwa ubavuni ni ukomo, na wengi wanakichukulia kama agizo. Ukijaza mpaka mwisho kwenye lami yetu yenye viraka unarukaruka tu na hupati kasi yoyote. Kuhusu kompresa ya kituo cha mafuta, tyubu ya resi ina nafasi ndogo sana ya hewa, na kufumba na kufumbua inaweza kupita kiasi. Kama huna njia nyingine, gusa na kuachia, gusa na kuachia.

Watu huniuliza pia kuhusu aina za mpira. Tyubu za kawaida ni za butili, gramu mia hivi kwa ya 18-25, zinatunza upepo kwa wiki, na zinazibika popote kwa gundi ya kawaida. Za lateksi zinateleza vizuri lakini zinavuja kwa asili yake, kila asubuhi unapampu. Zile mpya za plastiki nyembamba ya TPU zina gramu thelathini hadi arobaini na zinakunjika mpaka zinaingia mfukoni. Ninayo moja kama akiba ya dharura. Haziungani na viraka vya kawaida, za chapa kubwa zina bei ya butili tatu au nne, na kwa breki za kubana ringi soma boksi kwanza, kwa kuwa si zote zinazostahimili joto la ringi kwenye mteremko mrefu. Kwa mtu anayeanza Arusha ningemwambia butili ya kawaida, mbili, na fedha iliyobaki aitie kwenye matairi.

Kuziba mwenyewe ni rahisi kuliko inavyosemwa, ila watu wana haraka. Sugua kwa msasa eneo pana kuliko kiraka, paka gundi nyembamba, halafu ngoja. Ngoja kweli, dakika tano hivi, mpaka ukigusa pembeni hainati. Kiraka kinachobandikwa kwenye gundi mbichi ndicho kinachobanduka ukiwa mbali. Vile viraka vinene vya mafundi, vilivyokatwa kwenye tyubu ya pikipiki, vinashika sana kwenye Phoenix, lakini kwenye tyubu nyembamba ya resi vinagoma kutanuka pamoja nayo na kingo zake zinaachia. Nenda na viraka vyako vyembamba, umpe fundi, umlipe ujira wake uleule.

Tyubu ya akiba usiiache uchi kwenye mfuko wa chini ya tandiko pamoja na spana. Inatikisika na kusuguliwa, na siku unayoihitaji unaitoa ikiwa na tundu tayari. Yangu inakaa ndani ya soksi, na soksi hiyohiyo ndiyo ninayoitumia kutafutia waya.

Jambo ambalo ningelifanya mapema ni kuongeza upana wa tairi. Kutoka 23 kwenda 25 kulipunguza zile pancha za matuta kuliko tyubu yoyote niliyonunua. Wengi sasa wanataka 28, na wako sahihi kwa barabara zetu, ila fremu za resi za zamani nyingi hazina nafasi. Kabla ya kulipa, ingiza kitu chenye unene wa milimita 4 kati ya tairi lako la sasa na fremu, na kati ya tairi na breki. Kikipita kwa shida, baki na 25. Na ukibadili upana, kumbuka kuangalia upeo kwenye boksi la tyubu zako za akiba, maana ile ya 18-25 uliyoiweka kwenye soksi haiko tena kwenye saizi ya tairi lako la 28.